Mhariri, hekalu la Konark halikuangushwa na sumaku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, mnisamehe mapema kabisa. Nimesoma ile makala yenu ya Jumapili kuhusu hekalu la jua la Konark kule India, jimbo la Odisha, nimeisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari. Mmeandika kavukavu, bila "inasemekana" wala "wenyeji wanasimulia", kwamba juu ya mnara wa hekalu kulikuwa na sumaku ya tani 52, ile sumaku ikawa inavuta meli mpaka zinakwenda mrama, basi mabaharia wa Kireno wakapanda wakaing'oa na ndo hekalu likaporomoka. Alafu mkaweka picha nzuri ya gurudumu, tena ya rangi, nusu ukurasa.

Mimi nilisoma Bhubaneswar, mji mkuu wa Odisha, miaka mitatu na kutoka pale mpaka Konark ni kilomita 65 tu, nimeenda mara nne kama sikosei, mara ya kwanza na wanadarasa wenzangu kwa basi, tukapita Pipili ambako barabara nzima pande zote mbili wametundika miavuli na mapazia ya vitambaa vya rangi rangi vilivyoshonwa kwa mkono, yaani unafika Konark macho yameshachoka. Getini wenzangu wakalipa rupia 40 kila mmoja, mimi mgeni nikalipa 600. Sina kinyongo, ila ukishalipa 600 unaangalia kila jiwe bana, na ndo maana naandika.

Sisemi mngeacha hadithi. Hekalu kama lile huwezi kulieleza bila hadithi zake, ungebaki na tarehe na vipimo tu. Tatizo langu ni kwamba mmechukua ile hadithi dhaifu kuliko zote mkaifanya ndo historia, na zile zenye utamu mkazipa sentensi moja moja. Mtoto Dharmapada, mhariri, mmempa mistari miwili! Nitamrudia.

Kwanza tuliweke sawa lenyewe lilivyo. Lilijengwa katikati ya karne ya 13, mwaka unaotajwa zaidi ni 1250, na Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza wa ukoo wa Ganga wa Mashariki ambaye alitawala 1238 mpaka 1264. Huyu alikuwa mfalme wa vita, miaka ya 1240 alipeleka jeshi Bengal akapigana na magavana wa Sultani wa Delhi na akashinda, na wapo wanaosema hekalu ni kama kujipongeza kwa ushindi ule. Limejengwa kwa umbo la gari la mungu jua, Surya, gari zima la mawe: magurudumu 24, kumi na mawili kila upande, farasi saba mbele wanaelekea mashariki kwenye bahari. Kila gurudumu lina kipenyo cha kama mita tatu, na limechongwa spoki nane nene na nane nyembamba, na waongozaji wa pale wanachukua kalamu wanaiweka kwenye kitovu cha gurudumu alafu wanakusomea saa kwa kivuli. Wetu alifanya hivyo, akasema saa tano kasoro dakika kumi, nikaangalia simu ikawa saa tano kasoro robo. Sio mbaya kwa saa ya miaka mia saba na zaidi ambayo haijawahi kuwekewa betri.

Ila kitu ambacho msomaji wenu hakukipata ni kwamba mnara wenyewe haupo. Lile jengo kubwa lenye paa la ngazi ngazi mnaloliona kwenye picha zote ni ukumbi wa mbele tu, una zaidi ya mita 30. Nyuma yake ndo kulikuwa na mnara mkuu ambako mungu alikaa, unakadiriwa ulifika mita 70, na leo zimebaki kuta za chini tu. Yaani watu wanasafiri kutoka dunia nzima kuja kushangaa sebule, nyumba yenyewe ilishaanguka.

Sasa sumaku. Hii hadithi inasimuliwa kweli pale, sikatai, hata sisi tulisimuliwa. Lakini tufikirie kidogo. Nguvu ya sumaku inaisha haraka sana kadiri unavyokwenda mbali nayo, ukiongeza umbali mara mbili nguvu inabaki sehemu moja ya nane, ukiongeza mara kumi inabaki moja ya elfu. Meli ikiwa kilomita moja tu kutoka ufukweni hakuna jiwe la sumaku la tani 52 wala la tani 500 litakaloitingisha. Alafu kuna jambo ambalo gazeti la Kiswahili ndo lingepaswa kuliona kwanza kuliko magazeti mengine yote, hizo meli zilikuwa na misumari gani? Vyombo vingi vya Bahari ya Hindi enzi hizo vilikuwa vya kushonwa, kama mtepe wetu, mbao kwa mbao kwa kamba ya makumbi ya nazi, na hata pwani ileile ya mashariki ya India walikuwa na mashua za kushona za kupitia mawimbi. Sumaku ingevuta nini, makumbi?

Na hiyo hadithi si ya Konark peke yake. Mlima wa sumaku unaong'oa misumari ya meli tumeusoma kwenye Alfu Lela Ulela, kwenye kisa cha yule mwana wa mfalme aliyebaki na jicho moja. Na ile nyingine mliyoandika, kwamba sanamu ya mungu ilikuwa inaelea hewani kwa sababu ya sumaku juu na chini, mwandishi al-Qazwini aliisema karne ya 13 kuhusu hekalu la Somnath, ambalo liko upande wa pili kabisa wa India, Gujarat. Hadithi zinapanda meli nazo. Zinashuka bandari yoyote yenye jengo kubwa.

Ila nikubali kitu kimoja, kuna chuma pale. Kingi. Kwenye uwanja wa hekalu wamelaza maboriti ya chuma yaliyoanguka kutoka juu, refu kuliko yote ni zaidi ya mita 10, na ukiinama ukaliangalia kwa karibu unaona halikumiminwa kama nondo za siku hizi, ni vipande vidogo vidogo vya chuma vilivyopashwa moto na kupigwa nyundo mpaka vikashikana, kipande baada ya kipande, unaona na maungio yake. Fundi gani alikaa na tanuru akafua boriti la mita kumi mwaka 1250 mi sijui lakini mkono wake bado unaonekana. Na mawe nayo yalishikanishwa kwa vibanio vya chuma badala ya udongo wa kuungia. Kwahiyo mtu wa baadaye akikuta jengo limeanguka na mavyuma yamezagaa kila mahali, akili inaenda kwenye sumaku, sio ujinga. Cha ajabu ni kwamba hicho chuma kina kesi ya kujibu, ila sio kwa kuvuta meli. Chuma kikipigwa na upepo wa chumvi kinapata kutu, kutu inavimba, na ikivimba ndani ya jiwe inalipasua. Alafu jiwe lenyewe walilotumia zaidi, khondaliti, linaliwa na hewa ya bahari kama biskuti kwenye chai. Na chini ni mchanga. Mnara wa mita 70 juu ya mchanga, karibu na bahari, kwenye pwani ya vimbunga.

Kuna na hii ya Kalapahad, jemadari wa Sultani wa Bengal, ambaye wasimulizi wanasema alikuja mwaka 1568 akalivunja. Uvamizi wa 1568 ulitokea kweli, lakini Abul Fazl, mwandishi na mshauri wa Mfalme Akbar wa dola ya Mughal, aliandika juu ya Konark miaka ya 1590 hivi kwenye kitabu chake cha mambo ya dola, na hakueleza gofu, alieleza hekalu la kushangaza lenye kuta ndefu, akasema lilitumia mapato ya miaka 12 ya jimbo zima. Mtu hasifii hivyo rundo la mawe. Wahindu na Waislamu wa siku hizi wamegombana vya kutosha juu ya mahekalu, sio vizuri gazeti kuongeza kuni kwa tukio ambalo ushahidi wake unalegalega.

Ukitaka kujua mnara ulianguka lini hasa, ulianguka kidogo kidogo, na mashahidi wapo. Mwaka 1837 Mwingereza James Fergusson alifika pale akauchora, na wakati huo kona moja ya mnara ilikuwa bado imesimama, karibu mita 45 kwenda juu, kama jino moja kwenye fizi. Mwaka 1848 ikaja dhoruba, na lile jino likang'oka. Basi. Hakuna Mreno.

Na kabla ya hapo na baada ya hapo watu walikuwa wanachukua. Karne ya 18 Wamaratha, watu wa magharibi ya India, walipotawala waliing'oa nguzo nzuri ya mbele ya hekalu, nguzo ya Aruna, huyo ni dereva wa gari la jua, ya jiwe moja kama mita kumi hivi, wakaipeleka mji wa Puri, na mpaka leo imesimama mbele ya lango la simba la hekalu la Jagannath, mahujaji wanaipita kila siku na wengine hawajui kwamba ni ya kwa jirani. Raja wa eneo lile naye akachukua mawe kwa majengo yake. Kisha kuna lile jiwe la sayari tisa, lilikuwa juu ya mlango wa ukumbi, wasomi wa Calcutta wakalitaka kwa ajili ya makumbusho yao, mwaka 1867 wakaanza kulikokota kuelekea baharini, wakafika kama mita 60 hivi hela ikaisha. Hela ikaisha! Wakaliacha hapohapo. Watu wa vijijini wakaanza kulipaka mafuta na kuliabudu na sasa lina kibanda chake, ndo sehemu ya Konark ambayo ibada inaendelea, maana kwenye hekalu lenyewe haipo tena kwa karne nyingi.

Jambo la mwisho la Waingereza ndo la ajabu zaidi na makala yenu haikuligusa. Mwaka 1903 waliona ukumbi uliobaki nao utaanguka, wakaujaza mchanga. Ndani yote, mpaka juu, alafu milango ikazibwa. Kuna kibao kinasema ni kwa amri ya J.A. Bourdillon, Luteni Gavana wa Bengal. Kwahiyo tangu 1903 hakuna mtalii aliyeingia ndani ya lile jengo. Wewe unalizunguka tu kama mtu anayezunguka kuku aliyejazwa wali, unaona nje. Mamlaka ya mambo ya kale ya India imekuwa ikijadili kwa miaka namna ya kuutoa ule mchanga bila paa kushuka, na sio kazi ndogo, maana baada ya muda wote huo huwezi kuwa na uhakika ni kuta zinashikilia mchanga au mchanga ndo unashikilia kuta.

Haya, sasa hadithi, maana nilisema sizichukii.

Ninayoipenda mimi haikuwepo kabisa kwenye makala. Inasemwa mahali mfalme alipotaka hekalu palikuwa na maji, mto Chandrabhaga ulipokutana na bahari, na waziri aliyepewa kazi, Sibei Samantaray, akawa anamwaga mawe katikati ya maji, yanazama, anamwaga, yanazama, miezi inaenda. Siku moja amechoka, ana njaa, akaingia kwa bibi kizee mmoja ambaye hakumjua. Bibi akampa bakuli la uji wa mchele na maziwa, wa moto unafuka, na yule bwana mkubwa kwa njaa akachovya vidole katikati, akaungua. Bibi akacheka, "mjukuu wangu na wewe umekuwa kama Sibei Samantaray, anatupa mawe katikati, kwanini usianze pembeni?" Waziri akala uji kwa kuanzia pembeni, kesho yake akarudi kwenye maji akaanza kujaza kutoka ukingoni, na msingi ukashika. Sisi tuna ya kwetu, uji ukiwa wa moto haupozwi kwa ncha ya ulimi, lakini yule bibi amefika mbali zaidi, amefundisha uhandisi kwa bakuli moja. Na Odisha mpaka leo ukimuona mtu anavamia jambo katikati jina la Sibei linatajwa.

Sasa Dharmapada. Mafundi 1200 walijenga kwa miaka 12, fundi mkuu alikuwa Bisu Maharana, ambaye aliondoka nyumbani mkewe akiwa mjamzito. Mtoto akazaliwa, akakua, akajifunza ufundi kwenye maandiko ya baba yake aliyoyaacha, na alipofika miaka 12 akataka kumwona baba. Mama yake akampa makunazi ya mti wa nyumbani, ili baba ayajue. Hapo mi ndo huwa nasimama kidogo. Hakumpa pete wala barua, alimpa makunazi, kwa sababu mtu aliyekuwa mbali miaka 12 anaweza kusahau sura ila hasahau tunda la uani kwake. Mtoto akafika akamkuta baba na mafundi wote wameinamisha vichwa. Jiwe la kilele limegoma kukaa, na mfalme amesema likiwa halijakaa mpaka kesho asubuhi wote wanakatwa vichwa. Mtoto akauliza, akakagua hesabu, usiku akapanda akaliweka, likakaa.

Furaha ikawa ya dakika chache. Mafundi wakaanza kunong'ona, mfalme akisikia kwamba mtoto amefanya usiku mmoja kazi tuliyoshindwa wazee 1200 si atatuua vilevile? Wakamgeukia Bisu, wewe chagua, sisi 1200 au mwanao. Baba akakosa neno. Mtoto akasikia yote, akapanda tena juu mpaka kileleni, akajirusha majini.

Nyie mmeandika "kijana mmoja alijitoa mhanga kukamilisha ujenzi." Hapana. Alishaukamilisha. Alikufa ili wakubwa wasiaibike, na hiyo ndo sehemu inayouma, mmeikata. Kama ni kweli ilitokea au haikutokea mimi siwezi kusimama mahakamani, hakuna maandishi ya mfalme yanayomtaja, lakini maandishi ya wafalme lini yalimtaja mbeba mawe? Wale waliolijenga hawana kumbukumbu nyingine kwenye midomo ya watu zaidi ya huyu mtoto. Kwahiyo nasema iandikwe kama hadithi, iitwe hadithi, lakini isimuliwe yote.

Ila ukizisoma hizi hadithi kwa pamoja kuna kitu utaanza kukiona, namba 12 inakufuata. Mafundi 1200, miaka 12, mtoto wa miaka 12, mapato ya miaka 12 ya Abul Fazl. Na magurudumu jozi 12 ambayo hayo yapo kweli, unayahesabu. Jua lina miezi 12 basi kila anayesimulia habari za jua anaivuta kumi na mbili yake. Nilipoiona hii niliwaambia wenzangu kwenye basi la kurudi, mmoja akaniambia subiri bado hujasikia ya Samba.

Samba alikuwa mtoto wa mungu Krishna, akamkosea baba yake, akalaaniwa akapata ukoma, akaenda msituni kando ya mto Chandrabhaga akafunga na kumuomba Surya, kwa miaka mingapi? Kumi na miwili. Akapona. Alipooga mtoni akaiona sanamu ya Surya majini, akaijengea hekalu, na waongozaji wa Konark wanakwambia ndo hapa. Kwenye Magha Saptami, sikukuu ya jua, ambayo huangukia Januari au Februari, maelfu wanakuja alfajiri kuoga Chandrabhaga na kungoja jua lichomoze baharini, ingawa mto wenyewe umeshakufa umebaki bwawa dogo karibu na ufukwe. Nilienda mara moja, giza, baridi kidogo, umati wote umegeukia upande mmoja kimya, alafu ncha nyekundu ikatokea na sauti ikapanda kwa pamoja. Mimi sio mtu wa dini ile lakini nywele zilinisimama.

Ila wasomi wanasema kitu kingine hapa. Chandrabhaga ni jina la kale la mto Chenab, uko Punjab, na hadithi ya Samba mwanzo ilikuwa ya Multan, ambako sasa ni Pakistan. Multan kulikuwa na hekalu kubwa la jua, msafiri wa Kichina Xuanzang alifika huko karne ya 7 akaliandika, na mwanachuoni al-Biruni naye akalitaja karne ya 11. Lile halipo tena. Hadithi ikahama na jina la mto wake, ikavuka bara zima ikatua Odisha, kama wahamiaji wanaoita kijiji kipya jina la kijiji cha zamani.

Na kuna ushahidi wa safari hiyo kwenye jiwe, tena unaonekana kwa macho. Kwenye zile kuta za chini zilizobaki kuna sanamu tatu za Surya za jiwe la kijani linalong'aa, kusini, magharibi na kaskazini, wanasema ni jua la asubuhi, la mchana na la jioni. Ile ya jioni amepanda farasi na farasi amechoka. Ukisimama mbele ya ile ya kusini uangalie miguu. Miungu ya Kihindu karibu yote iko peku. Huyu amevaa buti. Buti ndefu mpaka karibu na magoti, kwenye joto la Odisha! Kwa sababu ibada hii ya jua ilipata mambo mengi kutoka upande wa Uajemi, na kisa cha Samba chenyewe kinasema alileta makuhani kutoka nchi ya mbali kwa sababu wa nyumbani walikataa. Makuhani wakazeeka wakafa, buti zikabaki.

Hayo ndo mambo mhariri. Sijataja simba anayemkanyaga tembo anayemkanyaga mtu pale mlangoni pa ukumbi wa ngoma, wala tembo waliochongwa kwa mamia na mamia kuzunguka chini, wala zile sanamu za mapenzi ambazo najua kwanini hamkuzipiga picha na sitaki ugomvi na mhariri wa ukurasa wa familia. UNESCO waliliweka kwenye orodha yao mwaka 1984, gurudumu liko kwenye noti ya rupia 10 ya tangu 2018, na kwenye mkutano wa G20 wa New Delhi mwaka 2023 viongozi walikuwa wanapeana mikono mbele ya picha yake. Hilo mlilisema, sawa.

Ombi langu ni moja, mkirudia makala kama hii mseme nani anasema nini. Hii ni ya waongozaji, hii ya Abul Fazl, hii ya bibi na uji. Inaongeza maneno machache tu, na msomaji anajua anakanyaga wapi. Na mwandishi wenu akipata safari ya kwenda kule, akifika asikimbilie gurudumu, limeshapigwa picha na dunia nzima. Apite chini ya mivinje na mikorosho waliyopanda kuzuia mchanga na upepo wa chumvi (mingi ilianguka kwenye kimbunga Fani cha Mei 2019), aingie, aende upande wa kusini wa msingi, apige magoti. Karibu na ardhi kuna kipande kidogo cha jiwe wengi wanakipita: mfalme yuko juu ya tembo, watu wamesimama mbele yake wamemletea mnyama wa zawadi, shingo ndefu, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Hakuna mnyama wa India mwenye shingo ile. Miaka zaidi ya 150 baadaye, 1414, Bengal ilimpelekea Mfalme wa China mnyama kama huyo, na mwaka uliofuata Malindi ikapeleka wake, kwahiyo njia ilikuwepo na watu waliijua.

Mwongozaji wetu hakutuonyesha. Nilimkuta mwenyewe wakati wenzangu wanacheka kwenye zile sanamu nyingine. Mchongaji amemkosea kidogo, shingo imekuwa nene kama ya ngamia, labda hakuwahi kumwona, alisimuliwa tu na mtu aliyeshuka melini. Lakini ni twiga, mhariri. Nilimsalimia kwa Kiswahili.

Msomaji wenu wa kila Jumapili,
(jina mnalo, msilichapishe)